Nilimuuzia bibi sauti yake mwenyewe

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja msanii aliandika kwenye ukurasa huu akitaka wauza muvi na wajaza flashi wote wa Mombasa, wanaonakilia wateja filamu na nyimbo bila ruhusa, wakamatwe, kompyuta zao zichomwe moto na wenyewe wapelekwe jela ya Shimo la Tewa. Sina ugomvi naye. Mimi ni mmoja wa hao anaowatafuta, na lau ningekuwa na umri wake na albamu yangu inauzwa shilingi ishirini kwenye meza ya mtu nisiyemjua, ningeandika makali kuliko yeye. Lakini naomba nafasi. Kazi hii nimeifanya tangu 1986, na katika miaka yote hiyo mwenye mamlaka hajaniuliza swali lolote ila moja: "Mwenye duka ni nani?"

Nilianza na kanda. Duka lilikuwa la ami yangu, Mji wa Kale, chumba ambacho watu wawili wakipishana mmoja lazima asimame ubavu. Mimi nilikuwa kijana wa kutumwa chai. Rafuni palikuwa na deki nne zilizounganishwa kwa nyaya, moja inacheza, tatu zinarekodi. Harusi ikiwa Kibokoni au Bondeni, ami alimtuma mtu na redio kaseti akakae karibu na spika usiku kucha, akirudi na macho mekundu na kanda mbili za C90, za dakika tisini. Kufikia adhuhuri ya pili yake, taarab ya jana ilikuwa mezani, inauzwa. Kanda tupu zilikuwa ghali, basi tulikuwa na ujanja. Kanda za dukani huja zimevunjwa vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ami alinunua kanda zilizododa kwa bei ya kutupa, hasa za kwaya za Krismasi baada ya Januari, tukaziba vitundu kwa karatasi iliyotafunwa na kupachika taarab juu yake. Shida ni kwamba wimbo ukiisha kabla ya kanda, kwaya hutokea. Kuna nyumba nyingi za Mji wa Kale zilizosikia "Bwana asifiwe" baada ya gambusi, na hakuna aliyerudisha kanda.

Sisi hatukurekodi studio. Walikuwako waliofanya kazi hiyo kwa jasho lao. Assanand walitoa santuri kwa lebo ya Mzuri, na Mbwana Radio wakawarekodi wana taarab wetu miaka na miaka. Sisi tulikuwa kupe wa ng'ombe wa watu. Na nakala ya nakala ya nakala, Mhariri, ina mvumo kama mahamri yanayokaangwa chumba cha pili. Mteja hakujali. Alitaka kuwasikia waimbaji wake wa taarab, Zein au Juma Bhalo, mvumo aliuzoea.

Niseme na hili kando, kwa kuwa kijana wetu aliandika kana kwamba wizi uliletwa Pwani na flashi. Juma Bhalo, Mungu amrehemu, alitamba kwa mahadhi ya Kihindi. Watu walikuwa wakitoka sinema ya Naaz au Regal na sauti ya filamu kichwani, na baada ya muda wanaisikia harusini ikiwa na maneno ya Kimvita yaliyokatwa vina barabara. Wenye filamu wa Bombay wangekuja na mawakili, nusu ya mji ungefungwa na hizo harusi zingekuwa kimya. Sisemi alikosea. Nasema kati ya kuazima, kukarabati na kuiba pana vichochoro vingi kuliko vile vya Kibokoni, na anayeandika sheria anafaa kuvipita kwa miguu kwanza. Na mambo yanaweza kuja kutoka upande wa pili pia. Wimbo wa Jambo Bwana waliutoa bendi ya Them Mushrooms wa hapa hapa Mombasa mwaka 1982, na mwaka 1983 kundi la Boney M likawa na toleo lake Ulaya.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa 2011. Nilikuwa nimekwisha hamia Mwembe Tayari, karibu na mabasi ya Nairobi, nauza DVD za kuchoma kwa shilingi hamsini. Alikuja bibi mmoja wa makamo ya juu, buibui limepauka mabegani, na mjukuu wake wa kiume amebeba kikapu cha Marikiti. Akaniuliza kama nina taarab za zamani za kikike, za harusi za ndani. Ninazo, nikamwambia, nikamwekea moja ili asikie. Kinanda kikaanza, kikafuata kidumbak, kisha sauti. Bibi aliweka kiganja juu ya meza yangu ya kioo akawa anagonga kwa kidole kimoja, taratibu, lakini alikuwa akigonga kabla ya ngoma, kana kwamba anajua inakuja wapi. Nikadhani ni mpenzi sugu wa taarab. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio akasema bila kunitazama:

"Huyo aimbao ndimi, mwanangu. Nambia ni ngapi."

Nilishikwa na kigugumizi. Nikamwambia achukue tu, ni zawadi. Akakataa. Alifungua pindo la leso, akatoa noti ya hamsini iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya kioo. "Chukua. Miye mwenyewe sina hata moja. We angalau umeniweka." Mjukuu alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Kisha bibi akauliza, na hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya mchicha:

"Na umeziuza ngapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka ishirini na tano nauza, nilijua nimeuza pesa ngapi, sikujua nimemuuza nani mara ngapi. Yeye akaondoka na sauti yake ndani ya mfuko wa plastiki.

Miaka michache baadaye walikuja wakubwa. Gari moja, watu sita, wawili na sare. Walibeba kompyuta zangu mbili, gunia la DVD, mashine ya kuchoma yenye trei saba na hata feni, sijui feni ilikuwa imenakili nini. Nilifika mahakamani, nikakubali kosa, nikatozwa faini ambayo sitaitaja kwa sababu mke wangu anasoma gazeti hili. Haki ilitendeka, sipingi. Sheria ya Hakimiliki ni ya mwaka 2001 na inasema muvi na muziki wa kuuzwa ubandikwe kitambulisho cha usalama, ile sitika, na mimi sikuwa na hata moja. Lakini jioni ile nikifunga duka tupu nilijiuliza: katika lile gunia alikuwamo yule bibi, wamo waliokufa na walio hai, na faini yangu imekwenda kwa serikali. Yeye kapata nini? Hakuna aliyefungua gunia kuhesabu. Baada ya siku tisa nilikuwa nimefungua tena, na kompyuta ya mkopo.

Ndiyo maana kijana wetu akisema tukamatwe, namjibu: nilishakamatwa. Ongeza faini, ongeza vifungo, lakini mwambie pia shilingi yake itapitia wapi kumfikia.

Jirani yangu ni kinyozi. Kila mwaka hulipia leseni ya muziki, karatasi ameibandika ukutani juu ya kioo, karibu na picha za mitindo ya nywele. Siku moja nilimuuliza anapiga nyimbo za nani. Asubuhi kaswida, akasema, mchana Bongo Fleva, jioni anachotaka mteja. Je, aliyekukatia leseni alikuuliza? Akacheka mpaka akazima mashine. Kwa miaka mingi vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye kazi, vilikuwa vitatu: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa watayarishaji, PRISK kwa waimbaji na wapigaji ala. Bodi ya Hakimiliki, yaani KECOBO, iliwapa leseni kwa masharti kwamba kwa kila shilingi mia, sabini ziwafikie wenye kazi. Masharti mazuri. Ila sabini hizo utamgawia nani ikiwa hujui ni kaswida ya nani iliyopigwa kwa kinyozi wa Mwembe Tayari? Mwaka 2019 wanamuziki wengi walipata mgao wa shilingi 2,530 kila mtu, wakaja juu kwamba ni kidogo. Mimi kilichonigutusha ni vile zilivyolingana. Mwenye wimbo unaopigwa kila matatu kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, 2,530. Aliyerekodi mara moja mwaka 1994 akaacha, 2,530. Hiyo ndiyo hesabu ya mtu asiyehesabu.

Linganisha na miito ya simu, zile nyimbo anazosikia anayekupigia kabla hujapokea. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliandika mgao kwa tarakimu: msanii au mwenye haki asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na mtoa huduma wa kati 8.5. Kwa nini bunge liliweza kuandika hivyo? Kwa sababu kule kila mnunuzi yumo kwenye kompyuta, wimbo upi, siku ipi. Unaweza kubishana kuhusu asilimia, na wasanii wanabishana, lakini unabishana juu ya kitu kilichohesabiwa.

Marekebisho ya 2019 yalileta njia nyingine, ya kumwandikia mtoa huduma za intaneti notisi ya kuondoa kazi yako iliyowekwa bila ruhusa, naye asipopata pingamizi aiondoe ndani ya saa 48 za kazi. Kwa kampuni ya televisheni yenye mawakili ghorofa nzima, hiyo ni silaha. Yule mjukuu wa kikapu, sasa ni kijana wa chuo, alijaribu kwa niaba ya bibi yake. Alipata video ya harusi moja imewekwa na watu kumi na mmoja tofauti. Kila mmoja anataka maelezo yake, anwani yake, na uthibitisho kwamba mwimbaji ni nani. Uthibitisho! Bibi anayo kadi ya kitambulisho na sauti. Mkataba wa harusi ya 1993 ulikuwa sahani ya biriani na bahasha. Kijana aliandika notisi tatu, akachoka, mitihani ikaanza.

Mpwa wangu anasomea sheria, na ndiye aliyenihadithia kisa cha mashine ya video. Kampuni za filamu za Marekani ziliishtaki Sony kwa kuuza Betamax, mashine ya kurekodia televisheni nyumbani. Jack Valenti, mkuu wa chama chao, mwaka 1982 aliwaambia wabunge wa kule kwamba mashine ile kwa watengeneza filamu ni kama yule muuaji wa Boston, aliyekuwa akinyonga wanawake, kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani. Januari 1984 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani akitazame baadaye si kosa, na kuuza mashine si kosa. Haukupita muongo, kukodisha na kuuza kanda za video kukawa kunawaletea kampuni hizo hizo pesa nyingi kuliko tiketi za sinema. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hawa walitukana, wakajifungua mapacha.

Na si Marekani pekee. Kule Nigeria, mwaka 1992, Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa vifaa na kanda tupu, alitoa filamu ya Kiigbo moja kwa moja kwenye kanda za video, ikauzwa na wachuuzi wale wale wa masoko ya Lagos waliokuwa wakiuza nakala za filamu za nje. Wanaojua historia ya Nollywood, yaani sinema ya Nigeria, huanzia hapo. Mpwa aliponieleza nilinyamaza muda mrefu. Ami yangu alikuwa na kanda tupu, alikuwa na deki nne, alikuwa na waimbaji bora wa Pwani nzima umbali wa kutembea. Akili ya kurekodi juu ya kwaya ya Krismasi alikuwa nayo. Hiyo nyingine haikumjia, wala hakuna aliyempa njia.

Ninachotaka ni hiki. Pawe na leseni ya duka kama langu, kwa kazi za humu nchini, kwa kuanzia. Mteja akitaka muvi ya Mombasa au albamu ya Kilifi nimjazie kwenye flashi kwa ishirini au thelathini, na kila nikinakili, shilingi kadhaa ziandikwe kwa jina la mwenyewe na zitumwe kwa M-Pesa mwisho wa mwezi. Programu ya kompyuta ya kuhesabu faili ngapi zimetoka si ajabu, duka la dawa lililo mbele yangu linahesabu vidonge. Sheria ya 2022 ilikwisha taja daftari la kitaifa la haki za wasanii. Basi daftari hilo lije na meza Mombasa, mtu anayezungumza Kiswahili na kalamu, awaandike kina bibi wa ngoma ya lelemama na wazee wa ngoma ya mwanzele waliobaki, kwa sauti zao ikibidi. Aliyekufa, haki zake hazikufa naye, kwani hapa Kenya mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 zaidi. Juma Bhalo alifariki 2014. Tungo alizotunga mwenyewe ni mali ya warithi wake mpaka mwisho wa 2064. Nitakuwa nimezikwa zamani. Nani anazihesabu?

Muvi za Marekani na mechi za Uingereza sitajitetea. Naziuza, zinalipa kodi ya duka, na siku wakija tena nitanyoosha mikono. Lakini kuna jambo kijana wetu halijui au hakulisema: mimi ninakwisha. Vijana wa rika lake hawaji kwangu tena. Wanapakua kwenye Telegram wakiwa ndani ya tuktuk, bure, picha safi, na hakuna wa kumshika shati. Nimebakiwa na makondakta wa mabasi ya usiku wanaotaka muvi tatu za kufika Nairobi, mama wa kibanda cha video huko Kisauni, na mabaharia wa majahazi wanaotaka taarab ya kutosha mpaka Kismayu. Akitaka kunifunga aharakishe. Akitaka kunitumia kuwa mlango wa kuuzia kazi yake kwa watu wasio na bando na wasio na kadi ya benki, pia aharakishe.

Mwaka jana nilikwenda mwenyewe kwenye afisi moja mjini, nimevaa kanzu safi, nikamwambia karani nataka kulipa. Akauliza nina baa? Sina. Saluni? Sina. Matatu, hoteli, ukumbi? Sina, najaza flashi. Alipekua fomu zake zote, kijana mpole sana, akaniambia, "Mzee, wewe huna fomu." Akaniletea maji.

Basi nimeanza bila fomu. Nina daftari la kurasa 96, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila nikimnakilia mtu wimbo wa Pwani natia kijiti kimoja mbele ya jina la mwimbaji, na shilingi tano naitia katika mkebe wa Kimbo. Yule bibi yu hai, alhamdulillahi, masikio yamepungua. Vijiti vyake mpaka mfungo mosi vilikuwa 214. Nilimpelekea pesa zake nyumbani, shilingi 1,070, akanihesabia tena mbele yangu, kisha akaniuliza ni wimbo upi watu wanaupenda zaidi. Nilipomtajia alikunja uso, akasema huo hakuwahi kuupenda yeye.

Waliobaki ndani ya mkebe ni waimbaji kumi na saba na shilingi 2,345. Wanne najua wamefariki. Sita nawajua kwa majina ya utani tu. Mmoja nimeambiwa yuko Oman. Ikiwa yuko msomaji, au karani, au mbunge, anayejua meza ambayo mtu hupeleka pesa kama hizi akapewa risiti, anijulishe kupitia gazeti lako. Mkebe unakaribia kujaa, na mke wangu ameanza kuuliza ni wa nini.

Jina langu kamili na nambari ya simu nimekuandikia nyuma ya karatasi. Naomba usichapishe.

Mzee wa Kanda,
Mwembe Tayari, Mombasa